Mhariri, tusubirini na sisi wa mwisho

Mhariri heri ya mwaka mpya, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niseme kuhusu mbio za kujifurahisha na sisi tunaofika wa mwisho, najua huwa mnakata ila hii msiikate sana maana nimeiandika kwenye simu kwa kidole kimoja mpaka shingo imeniuma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 53, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimewakimbiza watoto mchakamchaka kila asubuhi huku mwenyewe nimesimama chini ya mwembe na fimbo mkononi. Yaani nakimbiza, sikimbii. Nasema mapema asije mtu akadhani barua hii kaandika mwanariadha.

Sasa Desemba hii mdogo wangu ambaye ni nesi kule Uingereza alinikatia tiketi nikale likizo kwake, anakaa Kingston, pembezoni mwa London. Nimefika Jumatano, Ijumaa usiku mwanawe wa kike wa miaka 19, kazaliwa kule kule na Kiswahili chake kinachechemea lakini adabu anayo, kaja chumbani kaniambia "Shikamoo mamkubwa, kesho twende tukakimbie, ni bure." Nikamwambia marahaba, kukimbia hapana. Kasema si lazima ukimbie unaweza kutembea tu. Halafu karudia, ni bure mamkubwa. Mhariri mimi ni mtumishi wa umma, neno bure likitajwa mara mbili naanza kusikiliza.

Pale pale kaniandikisha kwenye simu yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya mtu wa kupigiwa ukianguka (hapo nilimtazama usoni), kisha kaniprintia karatasi yenye bakodi, vile vimstari vyeusi kama vya kwenye pakiti ya sabuni ya unga. Kaniambia mamkubwa hii usiipoteze, bila bakodi unakimbia vizuri tu lakini muda wako hauandikwi. Nikaikunja nikaifunga kwenye pindo la kanga kama nauli.

Asubuhi ilikuwa nyuzi 3. Saa mbili kule Desemba ndo kwanza kunapambazuka, nje baridi inakata masikio na kila nikipumua moshi unanitoka mdomoni kama nimemeza jiko. Nilivaa trakisuti ya shemeji, hijabu, juu yake kofia ya sufi, ndani kanga kiunoni maana bila kanga sisafiri, na raba za yule binti zilizonizidi saizi moja nikajaza soksi pea mbili. Tukavuka daraja la mto Thames kwa miguu, kidogo tu tukawa tumeingia Bushy Park. Ni pori la wafalme wa zamani, kubwa, nyasi hadi macho yanachoka, na kuna kulungu wanazurura wenyewe na mapembe yao kama matawi makavu, watu wanapita pembeni yao kama sisi tunavyopita pembeni ya mbuzi wa Ngamiani.

Nikakuta watu, zaidi ya elfu moja jamani, wazee, watoto, wanawake wanasukuma vigari vya watoto wachanga, watu na mbwa wao. Nikawa natafuta jukwaa. Hakuna. Natafuta maturubai ya wageni waalikwa, hakuna, muziki hakuna, geti la upepo lenye majina ya makampuni hakuna, na kubwa kuliko yote mgeni rasmi hayupo! Kuna dada mmoja tu kavaa reflekta kama za bodaboda wetu, kashika kipaza sauti, kaongea dakika chache, angalieni kulungu, pisheni wengine, washukuruni waliojitolea leo, halafu kauliza nani ametoka mbali. Yule binti kaninyanyua mkono. Kuulizwa wapi nikasema Tanzania, wakapiga makofi, na kwa sababu wote wamevaa glovu makofi yalitoka pu pu pu kama mtu anakung'uta mito.

Na saa tatu kamili wakaondoka. Narudia mhariri, saa tatu KAMILI.

Hizo mbio zinaitwa Parkrun. Kilomita 5, kila Jumamosi, na zilianzia hapo hapo Bushy Park tarehe 2 Oktoba 2004. Aliyeanzisha ni bwana Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa Zimbabwe enzi hizo ikiitwa Rhodesia, alikuwa ameumia hawezi kukimbia na kazi imemtoka, akaona njia ya kuendelea kuonana na marafiki zake ni awaite wakimbie yeye awashikie saa. Walikuja watu 13. Leo ziko nchi zaidi ya 20. Halafu mimi kilichonigusa sio hizo nchi 20, ni kwamba mwanzoni walivyokuwa hawana vikadi vya kumpa mtu anapomaliza ili ijulikane kashika nafasi ya ngapi, walitumia washa. Washa hizi hizi za nati, vile vipete bapa vya chuma, za duka la vifaa vya ujenzi, zimegongwa namba. Washa ya nafasi ya kwanza, washa ya pili, mpaka ya kumi na tatu, ukimaliza unapewa yako unaipeleka kwa mwandishi anaandika jina lako. Nyie nendeni barabara ya kumi na mbili mkaulize washa bei gani.

Turudi kwangu. Mita kama mia tatu nilikimbia kweli, nisionekane nimeitia aibu bendera. Baada ya hapo lile baridi likawa linaingia kifuani kama kisu nikaanza kutembea, na kutembea huko nikapitwa na kila kiumbe, kapita babu mwenye magoti yaliyofungwa bandeji, kapita mama na kigari chenye watoto mapacha, kapita mbwa mwenye miguu mifupi kama stuli. Yule binti nilimwambia nenda mwanangu usinisubiri, kagoma kidogo akaenda. Kugeuka nyuma nikaona nimebaki mimi na mzee mmoja wa Kizungu kavaa reflekta ya rangi ya machungwa.

Moyo ukashtuka. Nikajua huyu ndo anayekuja kuniambia mama toka njiani tunakusanya vitu, maana kwetu ndivyo inavyokuwa na nitaeleza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, samahani mimi ni mzito, nitakaa pembeni. Mzee kacheka. Kasema mimi kazi yangu leo ni kuwa wa mwisho. Nikadhani sijamuelewa. Kaeleza tena taratibu, kwamba kila Jumamosi kuna mtu anajitolea kutembea nyuma ya watu wote, na huyo ndo anayeandikwa wa mwisho kwenye matokeo, kwa hiyo mgeni hata uende mwendo gani huwezi kuwa wa mwisho, nafasi hiyo ina mwenyewe. Na wanaoshika saa hawaondoki mpaka yeye mzee afike.

Mhariri, nimefundisha miaka yote hii. Nimesahihisha mitihani, nimebandika ukutani matokeo yenye wa kwanza mpaka wa sabini na nne, nimeona mtoto wa sabini na nne anavyosoma ile karatasi akianzia chini. Haijawahi kunipitia akilini kwamba ile nafasi ya chini kabisa mtu mzima anaweza kuichukua kwa makusudi ili mwingine asiikute.

Tukatembea na mzee, tukapiga stori. Kaniuliza nimetoka mkoa gani, nikasema Tanga, pwani, hajaijua. Halafu kasema kuna Mtanzania mmoja yeye hamsahau, kataja jina, "Akwaari." Nikamuuliza nani? Kataja tena. Mara ya tatu ndo nikang'amua anamsema mzee wetu John Stephen Akhwari, wa Mbulu, mbio ndefu za Olimpiki ya Mexico 1968. Mzee yule kasema alikuwa kijana mdogo na alikuja kuiona ile picha baadaye, mtu anaingia uwanjani giza limeshaingia, goti limefungwa bandeji, anachechemea, watu wameshaondoka wamebaki wachache tu, medali zimeshagawiwa. Kajua mpaka kwamba walioanza walikuwa 75 na waliomaliza 57, na kwamba Akhwari ndo wa 57, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyechukua dhahabu. Yaani Mzungu wa Bushy Park ananisimulia habari za Mbulu mimi mwalimu wa Tanzania naitikia tu eeh, eeh, kama mwanafunzi asiyefanya homuweki. Niliona aibu ile ya kweli, nikamwambia eti huwa tunawafundisha watoto. Uongo. Niseme ukweli gazetini, sijawahi kuwafundisha, labda kumtaja tu.

Akaniambia pia kuwa Afrika Kusini mbio hizi zinapendwa sana na aliyezipeleka kule mwaka 2011 ni Bruce Fordyce, yule aliyeshinda Comrades mara 9, na Comrades ni karibu kilomita 90 za milima kati ya Durban na Pietermaritzburg. Bingwa wa mara tisa kaenda kuanzisha mbio ambazo wenyewe wanakwambia siyo mashindano! Mimi hapo nilicheka peke yangu mzee kadhani nimekosea hatua.

Kilomita ya mwisho miguu ilikuwa haina habari na mimi tena. Kila kona kasimama mtu na reflekta, wengine wasichana wadogo, baridi imewatoa machozi, na badala ya kunitazama kama mtu anayewachelewesha kifungua kinywa wananipigia makofi, pu pu pu. Yule binti alikuwa kashamaliza kitambo karudi nyuma kunipokea, akawa anaenda mbele yangu kinyumenyume anasema "mamkubwa twende, mamkubwa twende." Nikakatiza mstari wa kumalizia. Dakika 58 na sekunde kadhaa. Nikapewa kikadi cha plastiki, nikafungua pindo la kanga mbele za watu nikatoa bakodi yangu, mtu kaipiga kwa simu kama cashia, basi. Mzee katoka nyuma yangu kachukua kikadi chake cha mwisho.

Mchana nikiwa nimelala na magoti juu ya mto meseji ikaingia kwenye baruapepe, jina langu, nafasi elfu moja na ushee, na kundi langu VW50-54. Nikauliza hiyo V ni nini, binti kasema veterani. Kumbe mkongwe. Nikaipokea hivyo hivyo.

Nisiwapambe sana. Kule mtu wa kwenye basi hakusalimii hata ukimkanyaga, kahawa baada ya mbio niliangalia bei nikaizidisha kwa shilingi nikarudisha macho dirishani, na ule ubaridi mimi siutaki tena hata bure itajwe mara kumi. Lakini kwa jambo hili moja wametuzidi na ndo sababu ya barua.

Mwaka juzi mimi na walimu wenzangu watano tulijiandikisha mbio za kujifurahisha za hapa hapa nchini, jina naliacha sitaki kesi. Tulilipa elfu 35 kila mmoja, tukapewa fulana na namba ya kifuani. Tangazo lilisema kuanza saa 12 kamili asubuhi. Tulianza saa moja na nusu, jua limeshawaka, maana mgeni rasmi alikuwa njiani, na alipofika ilibidi kwanza atambulishwe, naye awatambulishe alioongozana nao, nao wapunge mkono. Sisi wa kilomita 5 tulioondoka mwisho tumefika mita mia tano za mwisho tunakutana na pikapu imebeba vizuizi vya barabarani. Maji yameisha. Kufika kwenye geti, geti lenyewe lile la kujazwa upepo, vijana wameshalitoa upepo limelala chini kama ngozi ya ng'ombe wa Iddi, ikabidi tulikanyage kupita. Medali tukaambiwa zimeisha, mtaletewa. Tunasubiri mpaka leo. Na jukwaani mgeni rasmi alikuwa anasema michezo ni afya kwa watu wa rika zote! Mwenzangu mmoja mwenye sukari, daktari ndo alimwambia afanye mazoezi, toka siku ile kavua raba hajazivaa tena.

Sasa mtu ataniambia mwalimu zile mbio ni za hisani, zinachangia madawati, taulo za kike, vifaa vya hospitali. Sikatai, na nitalipa tena. Ila mbio za hisani ziko mara moja kwa mwaka na mwili wangu unaishi mwaka mzima.

Mwingine atasema tuna jogging. Kweli, na mimi nazipenda, Jumapili alfajiri vijana wanapita Chumbageni na nyimbo zao mpaka unaamka unacheza kitandani. Lakini jogging unaenda na kundi, kundi likikuacha umeachwa, unabaki peke yako barabarani na fulana inayofanana na watu walioshapotelea kona. Na hapo ndo wanaanza. Mwanamke wa umri wangu akikimbia peke yake mjini ni sinema. "Shangazi unafukuzwa na nani?" "Mama gari linakuja upande!" Kuna kijana wa kijiwe aliniambia bi mkubwa tulia nikupeleke, buku tu. Kule Bushy Park nilitembea kilomita 5 nzima na kanga inachungulia chini ya trakisuti, hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Kwa sisi wanawake hilo peke yake ni nusu ya dawa.

Mwezi wa tisa 2025 mkimbiaji wetu Alphonce Simbu katuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, kampita Mjerumani kwenye utepe hata sekunde moja haikufika, mtaa mzima tulipiga kelele na mnakumbuka magazeti yenu yalivyoandika. Yule ni wa kwanza, na anastahili mapokezi yote. Ninachouliza mimi ni huku nyuma kunapangwa na nani.

Mimi sina ofisi wala sina mfadhili wala sitaki jina la watu wengine, hilo jina la Parkrun lina wenyewe. Ninachosema kinahitaji mtu wa kushika simu ya kuhesabia muda, mtu wa kuandika majina kwenye daftari, vijana wanne wa kusimama kwenye makutano kuwaomba bodaboda wapunguze mwendo, washa kadhaa na msumari wa kugongea namba. Barabara ya kwenda Raskazone hapa Tanga saa 12 na nusu asubuhi ina kivuli, upepo wa bahari upo, magari machache, ukikata huku na huku kilomita 5 unazipata. Mzito atembee. Mwenye mtoto aje na mtoto. Muda wa mtu uandikwe hata kama ni saa moja na robo, wiki ijayo ajione katoa dakika mbili.

Nimeshaongea na mwalimu wa michezo wa shule yetu, kakubali kushika saa japo kaniuliza mara mbili kama kuna posho. Mwenzangu mwenye sukari kasema atakuja kuangalia tu, nikamwambia aje na raba aangalie akiwa amezivaa. Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, tunakutana pale Raskazone, na atakayechelewa tutakuwa tumeshaondoka kwa sababu hakuna mgeni rasmi wa kumsubiri.

Nafasi ya mwisho msiigombanie, imeshachukuliwa. Reflekta nimenunua elfu tano kwa kijana wa bodaboda, ile ya machungwa, mgongoni imeandikwa kijiwe chake na namba ya simu, nimejaribu kuifuta kwa mafuta ya taa haifutiki kwa hiyo mkipita mkaniona nyuma ya watu msipige hiyo namba, sibebi abiria.

Mwalimu mkongwe,
Chumbageni, Tanga